Matone ya Mjomba Issa

Juzi mmoja wenu alikuja kunisalimia, kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, ametoka chuo na amepangiwa kitengo cha macho. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, nikafurahi kwamba kazi yetu ina warithi. Kisha akatoa simu akanionyesha tangazo la matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho bila kisu. "Bibi, hii inaweza kuwa kweli?" Nikamwambia arudi akasome vitabu vyake. Akacheka. "Lakini bibi, watu wanatoa ushuhuda. Huyu mama hapa anasema amepona kabisa." Nikamwambia aizime ile simu kabla sijaitia jikoni.

Aliondoka akidhani bibi amechoka na uzee. Sikuchoka. Nimefanya kazi ya macho tangu usichana wangu, Masasi mjini na huku juu Newala mpaka vijiji ambavyo gari lilifika mara moja kwa msimu, na nimestaafu salama. Hasira yangu ndiyo haijastaafu. Basi kaeni niwaeleze ushuhuda wa mama mmoja aliyepona, ili siku mkionyeshwa mwingine mjue cha kuuliza.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ukubwa wake kama punje ya njugumawe. Imejengwa kwa maji na protini, na haina hata mshipa mmoja wa damu, kwa sababu mshipa ungeziba mwanga. Ngozi ikichakaa huota nyingine, kucha ikikatika hurudi, lakini protini za katikati ya lenzi ni zile zile ulizozaliwa nazo. Hakuna fundi anayeingia mle kuzibadilisha. Na oksijeni, hii hii inayotupa uhai, ikisaidiwa na jua, moshi, tumbaku, kisukari na umri wenyewe, huzila protini zile polepole kama kutu inavyokula panga lililosahaulika shambani. Ujanani lenzi ina kinga yake dhidi ya kutu hiyo. Uzeeni kinga hupungua, hasa pale katikati. Protini zilizoliwa hushikana zikawa mabonge, na mwanga ukifika kwenye mabonge hutawanyika. Lenzi huanza kuwa ya njano, ikaja rangi ya chai ya rangi, na mtoto wa jicho akiiva kabisa mboni yote huwa nyeupe.

Somo hilo nilipewa na Mjomba Issa. Alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, tumbo moja. Aliingia hospitali kama mfagiaji, akajifunza kufunga vidonda, akawa dresa, akapelekwa kozi, mwishowe akawa msaidizi wa chumba cha upasuaji wa macho. Vijijini walimwita Dokta Issa na yeye hakuwakataza. Ndiye aliyenishika mkono nikaingia kazini, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho chuo kilisahau.

Alikuwa na mtindo wake wa kuwafundisha wagonjwa. Wazee wanakaa barazani wakingoja kuingia kupasuliwa, wamejawa na hofu. Mjomba anakuja na glasi, yai na birika. Anavunja yai, anamimina ute kwenye glasi, anapitisha kidole nyuma ya glasi, na wale wenye mabaki ya macho wanasema wanakiona. Kisha anamimina maji ya moto na ute unageuka mweupe. "Haya wazee wangu, nani kati yenu ana dawa ya kulirudisha yai hili liwe bichi?" Wazee wanacheka. "Hakuna! Na jicho ni hivyo hivyo. Halikuchemka kwa moto, limechemka kwa miaka. Likishachemka tunalitoa." Halafu anachukua kijiko na chumvi, anakula lile yai mbele yao. Sijui alipenda zaidi somo au yai, lakini hofu ilikwisha.

Makosa yangu ya kwanza yeye ndiye aliyeyasahihisha. Nilikuwa mgeni wodini, nikambandua mzee mmoja wa Chidya bandeji kwa nguvu, plasta ikaondoka na nusu ya nyusi. Mzee akajishika usoni akasema, "Sista, nilikuja kutolewa mtoto wa jicho, mambo ya nyusi hatukukubaliana." Wodi nzima ikaangua kicheko. Mjomba hakunigombeza. Alinionyesha kulowesha plasta kwanza kwa maji ya uvuguvugu na kuivuta kufuata nywele zilivyolala, taratibu, huku unaongea na mgonjwa habari za shamba lake. Mpaka leo mkinionyesha nesi anayebandua plasta kimya kimya, nitawaambia hakufundishwa na mtu anayependa watu.

Na la tochi pia ni lake. Mgonjwa haoni kitu, mboni nyeupe pe. Usikimbilie kumwahidi. Funika jicho moja, washa tochi pembeni, juu, chini, upande wa pua, na umwombe aonyeshe kwa kidole mwanga unakotoka. Akionyesha sawasawa, furahi, maana nyuma ya lile pazia jicho bado liko hai, ukiondoa pazia ataona. Akionyesha ovyo, au akikuuliza tochi umewasha au bado, hapo kisu hakina kazi. Mjomba alisema kila mmoja ajifunze kulizima tabasamu lake wakati huo, kwa sababu ndugu wa mgonjwa wanatazama uso wako, hawatazami tochi.

Zamani tulikuwa tunaitoa lenzi yote na kuliacha jicho tupu. Mgonjwa akipona anapewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Ukikutana njiani na mzee mwenye miwani hiyo, macho yamekuwa makubwa kama ya bundi, unajua huyo ametoka kwetu. Wenyewe walikuwa wanaringa nayo. Kila mmoja alikuwa tangazo letu linalotembea, na kijiji kikishaona mmoja amerudi anaona, safari ijayo wanakuja watatu. Shikeni hilo la miwani, litakuwa na maana mbele.

Kisha zikaja zama za ruksa, serikali ilipoachia biashara. Nyinyi mmezaliwa maduka yakiwa yamejaa, hamuwezi kujua utamu wake. Tulipata sabuni, tukapata sukari, tukavaa mitumba iliyotukaa vizuri kuliko nguo za mgao. Wanunuzi binafsi wakaja kwa malori kugombea korosho. Lakini ruksa iliyoleta sabuni ilikuja pia na panga. Hospitali zikaambiwa watu ni wengi, wapunguzwe. Redandansi, hilo ndilo neno tulilojifunza. Waliobaki ni wenye vyeti. Mjomba alikuwa na mikono, vyeti hakuwa navyo. Akufukuzaye hakwambii toka; yeye alipewa barua yenye maneno mazuri na kiinua mgongo ambacho kilikuwa kifupi kuliko mgongo wenyewe. Siku ya kuondoka alinyoosha shuka za kitanda cha mwisho, akavua koti lake, akalikunja, akaniachia mimi. Nililia. Yeye hakulia, na nadhani ndipo kitu kilipomgandia ndani.

Alirudi kwetu Makote, akafungua duka la dawa baridi. Panadoli, dawa za minyoo, dawa za kikohozi, vitu vya halali. Mwanzoni tulimshangilia. Kisha wachuuzi wakaanza kupita na maboksi kutoka huko yanakotoka maboksi, na katika boksi moja mlikuwa na vichupa vidogo vyenye picha ya jicho na maandishi ambayo hakuna mtu wa uwanda wetu aliyeweza kuyasoma. Matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho.

Nilikuwa likizo nyumbani nilipomsikia akiyauza. Nilisimama nje ya duka, na nataka mlijue jambo hili kuliko yote niliyoyasema. Hakuanza na uongo. Alianza na ukweli, ule ule aliotufundisha sisi. Aliwaeleza wateja juu ya lenzi, juu ya protini, juu ya kutu ya oksijeni. Aliwaambia kwamba jua la shambani na moshi wa kubangulia korosho vinachangia. Watu wakatikisa vichwa, maana mtu anayejua namna hiyo si tapeli. Mwishoni kabisa akaongeza, "Na salfa tunayopulizia mikorosho inaweka utando juu ya lenzi. Matone haya yanasafisha utando, kisha yanayeyusha kutu taratibu." Uongo mmoja tu, umebebwa mgongoni na ukweli mtupu. Salfa inawasha macho, kila mmoja wetu amelia kwayo mwezi wa sita na wa saba mashine zinaponguruma mashambani, kwa hiyo nani angebisha?

Nilipoingia ndani nyumbani nikamkuta mama anamimina maji kwenye mtungi kwa kutumbukiza kidole ukingoni ili ajue yamefika wapi. Nikawasha tochi. Mboni ya kulia ilikuwa nyeupe, ya kushoto inaelekea huko. Kwenye dirisha palikuwa na vichupa vya mjomba, vitupu vimepangwa na kimoja kimejaa.

"Mama, tangu lini huoni?"

"Naona kidogo. Kaka ananipa dawa, anasema niwe na subira."

"Mama, hakuna dawa. Tunakwenda Masasi nikupeleke kwa daktari."

"Zungumza na kaka," akasema, na kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Wasio wa kwetu watauliza kwa nini sikumbeba tu. Sisi ni watu wa ukoo wa mama. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliishi kwa wakwe zake kama mgeni anayeheshimiwa, lakini mwenye sauti nyumbani alikuwa mjomba. Mwanamke akiumwa, anayeamua kama atakatwa au hatakatwa ni kaka yake, si mumewe wala wanawe. Mtoto akimpasua mama yake bila idhini ya mjomba na likatokea baya, hiyo maiti ataizika peke yake. Mimi mwenyewe wodini nimewasubiri wajomba wafike kutoka vijijini ndipo tuingize mgonjwa. Sasa zamu ilikuwa yangu.

Nikaenda dukani. Alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta wagonjwa?" Alikuwa bado mtu wa utani.

"Nimekuja kuomba ruhusa. Mama apasuliwe."

Aliendelea kufuta. "Dada yangu yumo kwenye dawa."

"Mjomba, na lile yai?"

Akaweka kitambaa chini. "Yai nilikuwa napika nilipokuwa na mshahara."

Akanivuta nyuma ya rafu, akashusha sauti. "Sikiliza, Rukia. Watu wa hapa hawasomi maandishi ya chupa, wananisoma mimi. Wakimwona dada yangu wa tumbo moja anapakiwa kwenye basi kwenda kupasuliwa, kesho yake nafunga mlango. Wanangu watakula nini, ile barua ya redandansi?"

"Kwa hiyo mama apofuke ili duka lione?"

"Usinitukane. Nilimbeba mgongoni huyo kabla hujazaliwa. Msimu wa korosho upite, tutakaa kikao cha ukoo, tutaamua."

Msimu ukapita. Kikao hakikukaa. Kila nilipotuma ujumbe niliambiwa mara mjomba mwingine wa ukoo amesafiri, mara kuna msiba, mara mfungo. Nyinyi vijana mnamchukia mtu haraka. Mimi nilimchukia mjomba wangu kwa shida sana, maana kila nilichokifanya vizuri wodini mikono yake ilikuwa ndani yake. Nilikuwa nalowesha plasta kama alivyonifundisha huku namlaani moyoni.

Mwezi wa salfa ulipofika tena, jicho la kulia la mama likawa jekundu likauma mpaka kichwa. Yeye na mjomba wakasema ni salfa. Akaongezewa matone. Haikuwa salfa. Mtoto wa jicho akiiva kupita kiasi, zile protini zilizooza huyeyuka kweli, ndiyo, hapo ndipo zinapoyeyuka, zikavuja nje ya ganda la lenzi na kuziba njia ya maji ya jicho. Presha ya jicho inapanda na kuua mshipa wa kuonea. Nilipofika nililigusa juu ya kope, lilikuwa gumu kama jiwe. Nikawasha tochi juu, chini, kushoto, kulia.

"Washa basi," mama akaniambia.

Nililizima tabasamu kama nilivyofundishwa, ingawa hakuwa na jicho la kuliona. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikasikia aibu.

Lililobaki lilikuwa la kushoto. Sikumwuliza mtu tena. Nilisema ukumbini, mjomba akiwepo, kwamba nampeleka mama Masasi akamwone mjukuu wake, Hadija wangu aliyekuwa bado mchanga. Hakuna mjomba anayemzuia bibi kumwona mjukuu. Alitupakia kwenye basi yeye mwenyewe, akampa mama kichupa cha safari.

Tulipofika tulikaa nyumbani kidogo, akambeba Hadija, akamshika masikio na pua kwa vidole ili amjue. Kesho yake nikamwongoza kwenye jengo lenye harufu ya dawa ya kuulia vijidudu. Alisimama mlangoni. Mama yangu alikuwa kipofu, mjinga hakuwa.

"Rukia," akasema kwa Chimakonde, "nikikuuliza kama kaka anajua, usinijibu."

Akavua ushungi, akanipa niushike, akaingia.

Wakati huo njia ilikuwa imebadilika. Daktari aliyekuja kwetu msimu ule hakuliacha jicho tupu. Alifungua ganda la lenzi, akatoa mabonge, akaweka mahali pake lenzi ya bandia, kitu kidogo cha plastiki kilichong'aa kikipigwa na taa. Nilikuwa nampa vyombo, na mikono yangu ilitulia kwa sababu aliyeifundisha aliifundisha vizuri. Hilo nalo linaniuma kulisema.

Asubuhi iliyofuata nikailowesha plasta. Nikamuuliza mama habari za shamba lake la mihogo, akajibu, na katikati ya jibu akaiacha mihogo. Alikuwa anatazama khanga yangu.

"Hii ni buluu namna hii? Nilidhani buluu zimechujuka siku hizi." Lenzi ya zamani ya njano humnyang'anya mtu rangi ya buluu kidogo kidogo asijue, kisha lenzi ikitolewa rangi hiyo hurudi yote kwa mara moja. Ndipo akaniangalia usoni. "Na wewe mwanangu umezeeka!"

Nimeona macho mengi yakifunguliwa. Kama kuna furaha nyingine kubwa kuliko ile sijapewa. Nawaambia ili msije mkadhani bibi alizaliwa mchungu.

Alikaa kwangu mpaka wekundu ukaisha. Akamwona Hadija akianza kucheka. Kisha akarudi Makote, jicho safi, hana kovu la kuonekana, hana kitako cha chupa usoni. Uzuri wote wa njia mpya ulikuwa huo: mtu anapona na hakuna anayejua aliponea wapi. Mimi niliona fahari. Niliwaza tu kwamba watu watamwuliza, naye atawaambia, na wataanza kushuka kuja Masasi.

Haukupita muda mrefu tukaenda na gari la huduma Chiungutwa. Katika foleni alikuwepo Mzee Selemani, mkulima mrefu, ameshikiliwa mkono na mkewe. Safari iliyotangulia nilikuwa nimempima mwenyewe. Macho yote mawili yalikuwa yanajua mwanga unakotoka, nikamwandikia aje apasuliwe, akakubali. Hakuja. Sasa alikuwa amekaa mbele yangu anashika paji la uso, na nilipomwangazia, jicho moja halikujua chochote tena.

"Mzee wangu, kwa nini hukuja?"

"Nilipata habari njema, Sista. Kuna matone Newala, kule Makote. Yamemponya mama mmoja alikuwa haoni kabisa. Mama Rukia. Jicho moja dawa iliwahi, moja ilichelewa. Nimeyatumia, nangoja."

"Nani amekwambia ni matone?"

"Mwenyewe. Mke wangu amemwona kwa macho yake na amemsikia. Anakaa pale pale dukani kwa kaka yake."

"Mzee, yule mama alipasuliwa. Nilikuwepo. Huyo Rukia ni mimi, mimi ni mwanawe."

Mkewe akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu anayelinda kibarua chake. Mzee Selemani akacheka kwa adabu. "Sista, bintiye Mama Rukia ni nesi wa macho, kila mtu anajua. Mtu kama huyo angekubali mama yake atiwe dawa ya uongo?"

Ushahidi wa mwisho wa matone ya mjomba nilikuwa mimi. Nilimwomba mzee aniachie angalau jicho la pili. Nilimwomba kama ninavyomwomba Mungu. Akasema atamaliza kwanza chupa aliyonayo. Na mtanisamehe nikiwaambia kwamba sikujua mwisho wake, kwa sababu safari iliyofuata hakuja, na niliyemwuliza alisema siku hizi mzee hatoki.

Sasa mnajua kwa nini ushuhuda haunitishi. Mtu akikuambia amepona, mpongeze, halafu mwombe ukae naye karibu. Mwangazie jicho kutoka ubavuni. Lenzi ya bandia humetameta ndani ya mboni kama kipande cha kioo, lenzi ya Mungu haifanyi hivyo. Ukishaiona hiyo, hata aape juu ya msahafu, ametoka mezani kwa daktari. Lakini jueni pia kwamba kuujua ukweli na kuaminiwa ni mambo mawili, na la pili hamtafundishwa chuoni.

Kutoka Chiungutwa sikurudi Masasi. Niliomba ruhusa nikapanda lori la korosho kwenda Makote, nikashukia dukani.

Foleni ilikuwa ndefu. Mjomba alikuwa ndani anahudumia, aliniona akainamisha kichwa. Nje, kwenye benchi lililowekwa pale makusudi, alikaa mama yangu amevaa khanga mpya, na magotini ana ungo wa mchele. Alikuwa anatoa mawe. Vijiwe vidogo vidogo, anaviona kimoja kimoja, anavitoa kwa ncha za vidole na kuvitupa, na foleni yote inamtazama na kunong'ona.

Nilikaa kando yake. Sikumwamkia, na hiyo kwetu ni kosa kubwa.

"Mama, umewaambia nini watu?"

"Wameniuliza kama kaka alinipa dawa, nikasema alinipa. Wameniuliza kama naona, nikasema naona."

"Unajua kwamba huo ni uongo."

"Kaka alipofukuzwa, nyinyi wa hospitali mlimpa nini?" Hakupandisha sauti. "Alikuwa anakaa hapa nyumbani hali chakula, hasemi. Nilidhani nitamzika. Jicho umenipa wewe, mwanangu, na Mungu akulipe. Lakini ndugu wa tumbo moja ninaye huyu mmoja."

Nikamwambia habari za Mzee Selemani. Nilimwambia yote, mpaka alivyoshika paji la uso. "Mama, watu wanapofuka. Wanakuja hapa wanakutazama wewe, kisha wanakwenda kupofuka."

Mama akainua uso, akaitazama foleni tangu mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, bila haraka.

"Nawaona," akasema. "Wote nawaona."

Akainamia ungo wake, akaendelea kutoa mawe.